Gitaa la Kihispania, kutoka kwa fundi hadi Entebbe

Gitaa langu la kwanza kutoka Hispania lilikaa siku tisa kwenye ghala la mizigo Entebbe kwa sababu ya neno moja: palosanto. Nitalieleza mbele. Kwa sasa itoshe kusema kwamba neno hilo lilinifundisha kuwa habari za forodha hazianzii uwanja wa ndege. Zinaanzia mezani kwa fundi, siku anapokuandikia ankara.

Ninafundisha gitaa Kampala, na tangu mkasa ule nimewasaidia wanafunzi na wapigaji wenzangu kadhaa kuagiza ya kwao. Ninayoandika hapa ni kwa mtu anayekaa Uganda na anataka gitaa moja la mkono, yaani lililochongwa na fundi kwa mkono, la kupiga mwenyewe. Mwenye nia ya kujaza kontena na kufungua duka, njia yake ni nyingine.

Hatua ya 1: Jua unachokitaka

Gitaa la Kihispania ni lile la nyuzi za nailoni. Umbo tunalolijua leo lilipata sura yake mikononi mwa Antonio de Torres wa Almería, aliyeishi kati ya 1817 na 1892. Yeye ndiye aliyekuza kifua cha gitaa na kuupanga mpangilio wa vijiti vyembamba vilivyotandazwa kama upepeo chini ya uso wake. Hadi leo mafundi wengi wanafuata kipimo cha uzi cha milimita 650, kutoka kichwani hadi darajani, pale nyuzi zinapofungwa usoni.

Kuna la klasiki na kuna la flamenco, na usichanganye. La klasiki mara nyingi lina mgongo na mbavu za rozudi, mbao nzito ya rangi iliyoiva, na sauti yake inakaa hewani. La flamenco la asili hutengenezwa kwa saipresi, mbao nyepesi ya manjano. Nyuzi zimelala karibu zaidi na shingo, sauti inapasuka na kuzimika haraka, na usoni limebandikwa kibao cha plastiki kwa sababu mpigaji hugonga kwa kucha. Anayepiga kanisani au hotelini peke yake, bila ngoma, mimi humwelekeza kwenye klasiki. Vijana wa rumba wananibishia, na huenda wana haki yao.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: lebo ya fundi ndani ya gitaa haina maana kwamba fundi huyo ndiye aliyelichonga. Karakana nyingi huuza ngazi mbili au tatu. La juu amelitengeneza mwenyewe. La chini limetoka kiwandani, aghalabu upande wa Valencia, likamaliziwa kwake au likabandikwa lebo tu. Si wizi, mradi uambiwe. Uliza waziwazi: nani alilitengeneza, wapi, mwaka gani? Fundi wa kweli hukasirika kidogo, halafu anakuonyesha picha za gitaa lako likiwa bado mbavu tupu.

Hatua ya 2: Tafuta fundi, weka arbuni

Miji ya kutafuta ni Granada na Madrid kwanza. Granada ina barabara inayoitwa Cuesta de Gomérez, inayopanda kuelekea Alhambra, na karakana za magitaa zimekuwa pale miaka na miaka. Madrid kuna nyumba ya magitaa ya Ramírez, iliyoanza 1882. Lakini usitishwe na majina makubwa. Jina kubwa lina foleni ya miaka, na sehemu ya bei ni ya jina lenyewe. Fundi wa miaka arobaini hivi, aliyejifunza kwa mwenye jina na sasa ana karakana yake ya chumba kimoja, ndiye ninayempenda. Kwa gitaa la mkono halisi jiandae kwa euro elfu tatu hivi kwenda juu. Ukiona la euro mia sita linaitwa la mkono, rudi kwenye swali la hatua ya kwanza.

Ukiweza kufika mwenyewe, piga kila uzi kwenye kila freti, vile vijichuma vinavyokatiza shingo, taratibu, usikie kama kuna noti inayokufa au inayonguruma kuliko wenzake. Angalia shingo kwa jicho moja kama anavyofanya seremala akipima ubao. Kisha mpe mtu mwingine apige, wewe ukae mbele mita tatu. Mpigaji husikia gitaa lake kwa nyuma. Wasikilizaji wako watalisikia kwa mbele.

Ukiagiza kwa mbali, omba video isiyo na mapambo: simu moja, chumba kimoja, kipande kilekile kwenye magitaa mawili tofauti. Arbuni huwa sehemu tu ya bei, na masharti yake yaandikwe: itarudi lini, na ikiwa gitaa limechelewa itakuwaje. Na kumbuka Agosti. Mwezi ule mafundi wengi wa Hispania hufunga karakana na kwenda likizo. Hata baruapepe hawajibu.

Hatua ya 3: Mbao zitajwe kwa jina la sayansi

Hapa ndipo nilipoangukia.

Ankara yangu ilisema, kwa Kihispania, kwamba uso ni abeto, mgongo na mbavu ni palosanto, shingo ni cedro, ubao wa vidole ni ébano. Kwa fundi yeyote wa Granada hayo ni maneno ya kila siku. Wakala wangu wa forodha, kijana mwangalifu, aliyatafuta kwenye simu yake. Akakuta palo santo ni mti wa Amerika Kusini, Bulnesia sarmientoi, uliomo kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa dunia unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao Uganda nayo imo. Akanipigia simu.

"Mzee, huu mti una kibali?"

"Kibali cha nini? Ni gitaa."

"Ni gitaa, sawa. Lakini ni la mti gani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwandikia fundi. Ilikuwa Agosti.

Ukweli ni kwamba mafundi wa Hispania wanaposema palosanto wanamaanisha rozudi, na rozudi ya India jina lake la sayansi ni Dalbergia latifolia. Ni wa ukoo mmoja na mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon. Ukoo wote wa Dalbergia uliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, orodha ya vinavyovuka mipaka kwa kibali, Januari 2017, na kwa karibu miaka mitatu kila gitaa la rozudi lililouzwa ng'ambo lilihitaji karatasi. Wapigaji na viwanda wakalalamika, na tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimeondolewa kwenye sharti hilo. Kwa hiyo gitaa la rozudi ya India linapita bila kibali, lakini lazima karatasi iseme wazi kwamba ni hiyo.

Msamaha huo hauigusi rozudi ya Brazili, Dalbergia nigra. Ile iko Kiambatisho cha Kwanza, kile kikali zaidi, tangu 1992. Utaikuta kwenye magitaa ya zamani, na muuzaji ataisifia kwa macho yaliyofumba. Iache. Bila vibali vya kutoka na vya kuingia gitaa linaweza kutaifishwa, na hakuna sauti inayostahili usumbufu huo.

Neno cedro nalo lina mtego wake. Shingo ya cedro ni Cedrela odorata. Uso wa cedro ni mti mwingine kabisa, Thuja plicata, seda nyekundu ya Amerika Kaskazini. Cedrela nayo ilipandishwa Kiambatisho cha Pili mwaka 2020, ila kwa magogo, mbao zilizopasuliwa na mbao za tabaka. Gitaa lililokamilika halimo.

Basi mwombe fundi, kabla hujalipa salio, karatasi moja yenye saini ikisema: uso, mgongo, mbavu, shingo, ubao wa vidole na daraja ni mti gani, kwa jina la kawaida na la sayansi. Mfupa wa darajani na wa kichwani, ile inayobeba nyuzi, pia utajwe, na uwe wa ng'ombe. Magitaa ya kale yana vipande vya pembe za ndovu, na hapa kwetu neno hilo halisemwi kwa mzaha. Iwepo pia nambari ya lebo ya ndani na mwaka. Fundi atatumia dakika kumi.

Hatua ya 4: Kulipa

Lipa kwa benki. Nambari ya akaunti ya Hispania, ile IBAN, huanza na ES na ina herufi na tarakimu 24, hesabu. Ukipata ujumbe wa ghafla kwamba akaunti imebadilika, usijibu ujumbe huo. Mpigie fundi kwa nambari uliyokuwa nayo tangu mwanzo, usikie sauti yake. Wezi wa mtandaoni wanajua kusubiri hadi siku ya salio.

Tena usimwombe fundi aandike euro mia tatu badala ya elfu tatu. Najua kishawishi. Gitaa likivunjika njiani, bima italipa mia tatu. Forodha nao wana haki ya kuikataa thamani wasiyoiamini na kukadiria yao, na kutoa tamko la uongo ni kosa la jinai. Halafu kuna afisa mmoja kati ya kumi ambaye naye anapiga gitaa.

Hatua ya 5: Ubebe mwenyewe au utumiwe?

Ukienda mwenyewe kuna faida moja kubwa: kodi ya Hispania, IVA, ya asilimia 21 inarudi. Gitaa la euro 3,000 lina kodi ya kama euro 520 ndani yake. Asiyekaa Umoja wa Ulaya anamwomba muuzaji fomu ya DIVA, ya kurudishiwa kodi, wakati wa kununua, akiwa na pasipoti mkononi. Fomu inagongwa mhuri wa kielektroniki kwenye mashine za uwanja wa ndege kabla hujakabidhi mzigo, kwa sababu wanaweza kutaka kuliona gitaa. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Hispania hadi Entebbe. Ukipitia Brussels au Amsterdam na gitaa uko nalo mkononi, jambo hilo humalizwa katika uwanja wa mwisho wa Ulaya, basi acha nafasi ya saa mbili tatu. Na uwe umetoka Ulaya kabla ya kwisha miezi mitatu baada ya mwezi wa ununuzi.

Ukitumiwa, muuzaji anaweza kuuza kwa bei isiyo na IVA moja kwa moja, kwa kuwa bidhaa inasafirishwa nje. Hakikisha ankara inaonyesha hivyo. Wengi hulipa kodi ya Hispania na ya Uganda pamoja bila kujua.

Ndani ya ndege, mashirika hayafanani. Mengine yanaruhusu gitaa kabatini, mengine yanakuuzia kiti. Uliza kwa maandishi, uchapishe jibu. Likienda chini, liwe kwenye kasha gumu la kweli. Legeza nyuzi kidogo, usizitoe zote. Jaza fulana chini ya kichwa na chini ya kisigino cha shingo, kwa maana gitaa likianguka chali, shingo ndiyo hukatika, pale kichwa kinapopinda.

Hatua ya 6: Entebbe

Kwanza uwe na TIN, nambari ya mlipakodi ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Halafu tafuta wakala wa forodha mwenye leseni ya mwaka huu. URA hutangaza orodha. Mtumie ankara, karatasi ya mbao na hati ya shehena kabla ndege haijaruka, aanze kuandaa tamko. Ghala lina siku chache za bure, baada ya hapo kila usiku unalipa. Mimi nililipa siku tisa zangu zote nikijilaumu.

Gitaa liko chini ya kichwa cha 9202 katika kitabu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, sura ya 92, ala za muziki. Viwango vikuu vya kitabu hicho ni vinne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Mwambie wakala akuonyeshe mstari wenyewe kwenye kitabu cha mwaka huo. Juu ya ushuru kuna VAT ya asilimia 18, ambayo inahesabiwa kwa thamani pamoja na ushuru, na kodi ya zuio ya asilimia 6. Hiyo ya zuio si hasara tupu: ni malipo ya awali ya kodi yako ya mapato, itunze risiti. Tena kuna tozo ndogondogo, kama ya miundombinu, na hizo zinacheza na bajeti inayosomwa kila Juni.

Tuseme thamani ya forodha ni shilingi milioni kumi na ushuru ni asilimia 10. Ushuru ni 1,000,000. VAT ni asilimia 18 ya milioni kumi na moja, yaani 1,980,000. Zuio ni 600,000. Jumla 3,580,000 kabla ya tozo, ghala na ujira wa wakala. Ndiyo maana huwaambia watu: ukiona bei ya gitaa, tenga theluthi na ushee juu yake, kisha uamue kama bado unalitaka.

Malipo ya kodi yanafanyika kwa nambari ya malipo, PRN, benki au kwa simu. Pesa ya kodi haipiti mkononi mwa wakala. Akikuambia umpe taslimu "tumalize", tafuta mwingine.

Aliyebeba mwenyewe anatangaza kwenye chumba cha mizigo pale uwanjani. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa na msamaha wa bidhaa za dola 500 kwa msafiri aliyekaa nje zaidi ya saa 24. Uliza kiwango cha siku unayosafiri. Gitaa la mkono linakizidi kwa mbali kiwango hicho cha dola 500, kwa hiyo usipite mlango wa wasio na cha kutangaza ukitazama dari. Watu pia huniuliza kuhusu kupitishia Nairobi kwa sababu Kenya ina mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya tangu Julai 2024. Mkataba ule ni wa Kenya. Mzigo unaokuja kubaki Uganda, kodi yake inahesabiwa ya Uganda.

Siku ya ukaguzi uwepo. Beba kitambaa safi, ufungue kasha mwenyewe, uliweke gitaa uso juu. La pili nililoleta, afisa wa kike alivua pete yake kabla hajaligusa, bila kuombwa. Aliingiza mwanga wa simu kwenye tundu la sauti, akasoma lebo polepole: jina, Granada, mwaka, nambari. Akatazama ankara, akarudia nambari kwa midomo, kisha akafika kwenye karatasi ya mbao na kidole chake kikasimama kwenye Dalbergia.

"Hii si mpingo?"

"Ni ndugu yake wa India, bwana afisa," nikasema, nikasahau kwamba nazungumza na mwanamke. Alicheka, akagonga mhuri. Dakika ishirini hazikuisha.

Na siku ukitoka tena nalo kwenda kupiga nje ya nchi, waonyeshe forodha kabla ya kupanda ndege, wakuandikie. Bila karatasi hiyo, ukirudi utaulizwa tena habari za ushuru.

Hatua ya 7: Likifika nyumbani

Usilifungue papo hapo. Liache ndani ya kasha chumbani hadi kesho yake, mbao zizoee.

Granada ni kukavu. Kampala, kwa mvua zetu za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kuna unyevu unaolowesha chumvi mezani. Mbao inanyonya unyevu huo na kuvimba, uso wa gitaa unapanda kama tumbo baada ya pilau, na nyuzi zinapanda nao mpaka vidole vinauma. Kipimo kizuri cha unyevu ni asilimia 45 hadi 55. Nunua haigromita ndogo, yaani kipima unyevu, uiweke ndani ya kasha, na pakiti za silika za kukaushia. Zikilowa, zikaushe juani kisha uzirudishe. Anayekwenda kukaa Karamoja afanye kinyume: huko adui ni ukavu, na ukavu hupasua.

Nyuzi za chuma usithubutu. Kila mwaka naletewa gitaa la nailoni lililofungwa nyuzi za chuma "lipate sauti", daraja limeng'oka na ngozi ya uso. Mvuto wake ni mkubwa kuliko vijiti vile vya Torres vinavyoweza kubeba.

Kuna ombi moja la mwisho la kumpelekea fundi akiwa bado hajafunga kasha: akuchongee mfupa wa pili wa darajani, ulio mfupi kwa milimita moja. Nyuzi zitashuka nusu milimita pale freti ya 12, kiasi kinachotosha kumaliza uzito wa vidole. Andika kwa penseli nyuma ya mmoja "mvua" na nyuma ya mwingine "kiangazi". Wangu nauweka kwenye kibati cha sindano, na mvua za Machi zikianza nalegeza nyuzi, nautoa mrefu, nautia mfupi, halafu napiga gitaa hadi Juni.